Bakuli la Asiyekuwepo

Neema, anayeshika jiko letu sasa, aliniomba nimwandikie namna ya kupika chakula cha mchana pamoja na watoto wa miaka miwili na mitatu. Alitaka karatasi moja aibandike ukutani, karibu na friji. Nilianza kwa nia hiyo hiyo, lakini ukishafanya kazi mahali pamoja miaka kumi na tisa, karatasi moja haitoshi hata kusalimia. Kwa hiyo hii haitabandikika, Neema. Isome na wenzako watoto wakishalala. Mshahara sitauzungumzia, na vyeo havikuwepo. Tulikuwa wawili tu, Bi Sharifa mwenye nyumba na mimi mpishi.

Wewe umekikuta kituo cha watoto kimechangamka, kina rangi ukutani na vibao vya majina. Nilipofika mimi kilikuwa sebule ya Bi Sharifa, ghorofa ya kwanza hapo hapo Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa la kaka zake. Alikuwa mama wa Kiarabu, mzaliwa wa mtaa ule ule, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Alianza kwa kuwashikia majirani watoto wakienda Kariakoo kufungua maduka, na kufumba na kufumbua akajikuta na watoto saba kwenye mkeka na hana wa kumsaidia jikoni.

Mimi nilitoka kwenye mgahawa wa Posta. Kule nilizoea kulisha watu wa maofisini, watu wanaokula huku wanatazama saa, na nilijiona mpishi kwelikweli. Siku ya kwanza nilifika alfajiri ili nimwonyeshe Bi Sharifa kuwa amepata mtu. Ilipogonga saa tatu viazi vilikuwa vimemenywa, karoti zimekatwa, mchicha umechambuliwa na kuoshwa, nazi imekunwa na kukamuliwa. Nikajifuta mikono, nikasimama kusubiri sifa.

Bi Sharifa akachungulia masufuria yangu moja moja.

"Mashallah, una mkono mwepesi," akasema. "Sasa hawa watafanya nini?"

"Watacheza, Bi Sharifa. Chakula kikiiva nitawaita."

"Umewaibia kazi yao, mwanangu. Shuka chini ukanunue mchicha mwingine."

Nilidhani ananitania. Nikashuka, nikanunua mafungu matatu, nikapanda nayo huku namlaumu kimoyomoyo. Akanikalisha mkekani katikati ya watoto saba na ungo, na tukachambua mchicha kwa muda ambao Posta ningekuwa nimeshapakua. Mmoja alichuma majani na kutupa, akabakiza vijiti. Mwingine alikula jani bichi, akakunja uso, akachukua la pili. Wa tatu aliyarusha dirishani yakawaangukia wateja wa vitambaa, na kaka mmojawapo wa Bi Sharifa akapanda ngazi na jani kwenye kofia kuja kuuliza kulikoni. Nilitoka jasho kuliko siku yoyote ya mgahawani. Lakini saa sita, wale wale ambao mama zao walimwapia Bi Sharifa kuwa hawagusi mboga walikula mchicha wote na kukomba sahani. Kila mmoja alikuwa anatafuta jani lake. Hapo nilishika adabu.

Kanuni ya Bi Sharifa ilikuwa moja, na wewe Neema usiibadilishe. Chenye moto na chenye makali kinabaki upande wako wa ule mlango mfupi wa jikoni, vingine vyote ni vyao. Mwache mtoto amenye yai lililochemshwa hata kama nusu ya yai itabaki kwenye ganda. Ndizi mbivu mpe na kisu kile butu cha kupakia siagi. Mchele mpe kwenye ungo achague, ila uupitie tena mwenyewe, maana atakuletea jiwe moja kwa furaha na kuacha manne. Unga wa chapati mpe donge dogo, na usishangae likigeuka kijivu; lichome, mpe alile mwenyewe, halina madhara. Maji mwekee kwenye kikombe cha bati na si jagi. Jagi nililijaribu mara moja, tukaanika mkeka.

Kingine, usimharakishe. Mtoto wa miaka miwili akimenya kiazi kitamu kilichochemshwa anakuwa na uso wa fundi saa. Nimekaa mbele ya nyuso hizo miaka yote hiyo na sijazichoka. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka miwili na miezi miwili akitoa ganda la yai zima bila kulipasua, peke yake, ulimi nje, kisha akaliinua juu tulione sote. Posta hakuna aliyewahi kuniinulia kitu.

Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa unanistaajabisha zaidi. Bi Sharifa alifunga bila kukosa, na bado alikaa mkekani na watoto kupika chakula ambacho hakigusi. Mimi Mkristo wa Songea nilikuwepo wa kuonja, lakini hakunipa. Chumvi waliionja watoto. Alichota kijiko, akakipoza, akampa mmoja na kumuuliza, "Imekolea?" Mtoto alifikiri kwa uzito wote kabla ya kujibu. Na akisema bado, Bi Sharifa aliongeza punje chache, kwa heshima kabisa, kama ameambiwa na mtu mzima. Jina langu Dafrosa liliwashinda, wakaniita Bibi Dafu, na nalo alilichukua akawa ananiita hivyo hivyo.

Sasa nifike kwa Somoe, maana ndiye aliyenifundisha ambalo hata Bi Sharifa hakunifundisha kwa maneno.

Mama yake ni wa Lindi, anauza ndoo na mabeseni ya plastiki Kariakoo, na wakati huo alikuwa anakaa kwa kaka yake Buguruni. Kabla ya hapo Somoe alikuwa anashinda nyumbani na mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anampikia. Yule mama mdogo akaolewa, akahamia Mtwara, ndipo mtoto akaletwa kwetu. Alikuwa na miaka miwili na nusu, mdogo wa umbo, mwenye maneno machache na nywele zilizosukwa vizuri kila siku, jambo ambalo kwa mama anayefungua biashara alfajiri si dogo.

Somoe alikuwa hodari wa kazi. Hakuna aliyechambua mchicha kama yeye. Lakini chakula kikishapakuliwa, hali. Anakaa mbele ya sahani, anatazama, mdomo umefungwa. Wiki ya kwanza tukasema mgeni. Wiki ya pili tukabadilisha chakula: wali, ugali na dagaa, viazi vya nazi, chapati. Wiki ya tatu mashavu yakaanza kushuka.

Asubuhi moja mama yake alimfikisha, akamvua viatu, halafu hakuondoka. Akasimama pale mlangoni.

"Bibi, nikuambie kitu," akasema. "Kaka anasafiri kwenda Lindi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kasema mtoto kama hali, atamchukua ampeleke kwa bibi yake. Kasema mjini panamwua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitasema nini? Nakaa kwake. Na mtoto kweli anakonda, si namwona?" Akajifuta uso na ncha ya kanga. "Bibi Dafu, akienda kule nitamwona mara moja kwa mwaka. Atanisahau. Nisaidie ale."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nilimwahidi. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana sikuwa na la kufanya.

Nikaanza kufanya yote ambayo sasa nakukataza. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamfanyia kijiko ndege. Siku moja, na hili naliandika kwa aibu, nilimfungua mdomo kwa kidole. Alitema na kunitazama kwa mshangao, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumechambua mchicha pamoja kama marafiki.

Alikuwa na mchezo wake mmoja uliokuwa unaniudhi. Nikimpa sahani, alichukua vipande viwili vitatu vizuri, kiazi au chapati, akaviweka kwenye kifuniko cha sufuria pembeni na kuvifunika kwa kikombe. Kisha akakaa kunitazama. Mimi nikadhani anaficha chakula asile. Nikawa nafunua kikombe, narudisha vipande kwenye sahani, nasema, "Somoe, chakula hakichezewi. Kula." Hapo ndipo alipokuwa anaanza kulia, na akishalia basi, siku imekwisha. Kesho yake anaweka tena, nami nafunua tena. Tukaenda hivyo siku saba.

Ilipobaki siku nne, Bi Sharifa alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu ikiwa imeanza kumsumbua. Alitutazama mpaka Somoe alipolia na kulala. Kisha akaniita.

"Dafrosa," akasema. Akiniita jina langu kamili nilijua kuna jambo. "Mumeo anarudi saa ngapi kazini?"

"Saa kumi na moja, kumi na mbili hivi."

"Na wewe siku za Jumapili, akiwa zamu, ukipika nyumbani unakula saa ngapi?"

"Saa saba na wanangu."

"Chakula chake?"

"Namwekea."

"Unamwekea lini?"

"Kabla hatujala, Bi Sharifa. Nitamwekea mabaki? Napakua chake kwanza, nafuni..."

Sikumaliza neno. Nikageuka nikatazama kile kifuniko cha sufuria na kikombe. Jumapili kwa Jumapili nimefanya vile vile, na mama yangu kabla yangu, na bibi yangu Songea kabla yake. Chakula cha asiyekuwepo kinatengwa kwanza, kinafunikwa, ndipo waliopo wanakula. Bila shaka kwao Buguruni mama yake mdogo alikuwa akipakua chakula cha mama Somoe, anakifunika kwa kawa, ndipo anampa mtoto. Somoe alikuwa hajawahi kula katika maisha yake mafupi kabla mama yake hajawekewa. Na kila siku mtoto ananiwekea mfano mbele ya macho yangu, na mimi, mtu mzima mwenye nyumba, naukusanya na kumlazimisha ale chakula cha mama yake. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza Bi Sharifa.

"Leo. Nami nimefunua kile kikombe mara mbili wiki iliyopita," akasema. "Tumekuwa wapumbavu wawili, Bibi Dafu."

Kesho yake tulipika viazi vitamu na mchicha wa nazi. Somoe alimenya viazi akajipaka mpaka viwiko. Nilipopakua, sikumpa sahani. Nilimpa bakuli la bati lenye kifuniko chake.

"La nani hili?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu anayechunguza kama utamgeuka.

"Mama," akasema.

Akachagua viazi vitatu, vilivyo vizima kuliko vyote. Akaongeza mchicha kwa mkono. Akafunika, akabonyeza kifuniko kwa viganja vyote viwili. Nikalichukua bakuli nikaliweka juu ya kabati, anapoliona. Ndipo akavuta sahani yake akala. Alikula kimya, haraka, bila kuinua kichwa, akanyoosha sahani niongeze, nami nikaongeza huku nimempa mgongo asinione ninavyolia. Bi Sharifa naye alikuwa ghafla ana kitu cha kutazama dirishani.

Walipolala nikataka kuvirudisha vile viazi kwenye sufuria. Bi Sharifa akanizuia.

"Mpelekee mwenyewe. Mtoto akijua tumemdanganya, hatatuamini tena, na atakuwa na haki."

Nikatoka nalo, nikakata mitaa mpaka Kariakoo. Mama Somoe alikuwa amekaa katikati ya ndoo zake zilizopangwa mpaka juu ya kichwa. Aliponiona alisimama ghafla, mikono kifuani.

"Mtoto kafanyaje?"

"Kala," nikamwambia. "Kala sahani mbili. Lakini kala baada ya kukuwekea wewe. Shika."

Alifunua akatazama vile viazi vitatu vyenye alama za vidole. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akala chote, na mchicha akaufuta kwa kidole. Ndipo akaniambia kwamba tangu mdogo wake aolewe hakuwa anakula mchana; chai ya asubuhi inamfikisha jioni. Hakumwambia mtu. Nadhani mtoto ndiye pekee aliyekuwa na wasiwasi huo.

Jioni alipokuja kumchukua alileta bakuli. Somoe alilipokea kabla hata hajakumbatiwa. Akalifunua, akaligeuza juu chini, akatazama kama kuna kinachoanguka. Hakikuanguka kitu. Akaridhika, akanipa. Siku ya pili mama yake alibakiza kipande kimoja, na Somoe akakaa kwenye ngazi, akamnyooshea bakuli na kusema, "Kula," kwa sauti yangu hasa, na ukali wangu. Mama Somoe akala kiazi pale ngazini mbele ya wazazi wenzake wote. Hakubakiza tena.

Jumamosi mjomba wake alikuja mwenyewe kuhakiki. Mwanamume mrefu, si mbaya, alikuwa anampenda mpwa wake kwa njia yake. Akasimama nyuma ya mlango mfupi, akamwona mtoto anaweka chakula, anafunika, anakula mpaka anakomba. Mwishowe akaniuliza ule mchicha tunautia nini. Jumapili alipanda basi la Lindi peke yake, na beseni jipya la kumpelekea mama yake.

Hiyo ndiyo asili ya bakuli, Neema, kwa sababu najua mnafanya bila kujua lilitoka wapi. Wenzake walipoona Somoe ana bakuli, kila mmoja alidai la kwake, tukawa na mabakuli kumi na moja na miguu minne tu ya kuyasambaza. Tukakubaliana bakuli moja kwa siku, kwa zamu, na mwenye zamu anachagua la nani. Nimelipeleka kwa baba fundi cherehani, kwa shangazi wa benki kule Posta aliyekula amesimama kwenye korido, kwa babu mwenye duka la misumari. Mtoto mmoja alimwekea paka wa duka la vitambaa, na tulimpelekea paka. Jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka yote hiyo ni mtoto kuchagua vipande vibaya. Wanaweka vizuri. Wana miaka miwili, hawajui kugawana mdoli, lakini kwenye bakuli la asiyekuwepo wanaweka vizuri.

Bi Sharifa alipokuwa hawezi tena kushuka kutoka chumbani kwake ghorofa ya pili, bakuli lilipanda kwake karibu kila siku. Hakuna aliyewafundisha. Siku ya mwisho aliyokula kitu, alikula yai lililomenywa na mtoto wa miaka mitatu, lenye mashimo. Aliniambia limekolea chumvi sawasawa. Halikuwa na chumvi.

Ijumaa iliyopita mlinifanyia sherehe, mkanipa kitenge, nikarudi nyumbani kwangu Buguruni. Jumatatu nikaamka alfajiri kwa mazoea, nikakaa. Saa tatu nikajiuliza mmepika nini. Saa sita nilikuwa sina njaa, mume wangu hayupo siku hizi, watoto wana nyumba zao. Nikasema nitakula jioni, au nitakunywa chai. Sikuwasha jiko.

Saa kumi hodi ikapigwa. Somoe, ametoka shule na sare yake, miguu imejaa vumbi. Yuko darasa la tatu sasa, na mama yake alimwambia apitie kituoni kwanza. Ameshika bakuli la bati kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi Dafu."

"Marahaba, mwanangu. Nini tena?"

"Dada Neema kasema watoto waligoma kula mpaka wewe uwekewe. Wote. Hata mwenye zamu." Akanikabidhi bakuli. "Nimeambiwa nikungoje."

Nilikaa kizingitini nikafunua. Viazi vitamu na mchicha wa nazi. Neema, viazi havikuiva katikati, ongeza maji kidogo na uvifunike. Mchicha ulikuwa na kijiti. Kiazi kimoja kilikuwa na alama ya meno, mtu alijaribu kisha akajizuia. Nilikula vyote, taratibu, Somoe amesimama mbele yangu na begi mgongoni.

Nilipomaliza, nilimpa bakuli. Akaligeuza juu chini, akatazama.